Jibu Limo Kwenye Habari

Boksi la sabuni ya unga halina haki ya kunuka tangawizi. Lakini kile kipande nilichokikuta kwenye droo ya jikoni kwa mama, chini ya vifuniko visivyo na bakuli zake, kilinuka tangawizi, mafuta ya kukaangia na ule mchuzi mweusi wa Kichina, na nyuma ya hayo yote, kwa mbali sana, sabuni. Nilikuwa nimekwenda Hallunda, huku huku Sweden, kuhamisha vitu vyake. Tulikuwa tumemzika kwenye ardhi iliyoganda, watu wakasema maneno mazuri, wakala pilau, wakarudi makwao, na mwenye nyumba akataka funguo zake. Ndiyo maana nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mtu mzima na magoti yangu mabovu, nikinusa kipande cha boksi kama mbwa wa forodha.

"Umepata nini?" Anti Nakato aliuliza kutoka chumbani, alikokuwa akikunja mashuka ya marehemu.

"Takataka, anti."

Nikaitia hiyo takataka mfukoni.

Mimi ni mtu wa ndani. Watu wananijua hivyo, na wanaonitania husema treni ya Sundbyberg ninakoishi ikiacha kufanya kazi mimi ndiye wa mwisho kupata taarifa. Sijasoma sana, niliishia sekondari, na hata hapo nadhani walinipitisha ili wapate kiti. Lakini kuna masomo niliyosoma ambayo hayana cheti, mezani kwa mama, Jumamosi asubuhi. Wenzangu tuliokulia kwenye maghorofa yale mnaikumbuka Jumamosi. Ilikuwa siku ya pipi. Mtoto wa Kiswidi wiki nzima hagusi pipi, Jumamosi ikifika anakwenda dukani na mfuko wake wa karatasi anachota kwa kijiko kikubwa. Wenzangu walikuwa wakilamba pipi mbele ya televisheni. Mimi nilikuwa nafanya ufahamu.

Baba yangu alikuja Sweden kusomea mitambo, akatuita, kisha akarudi nyumbani kujenga nyumba. Akaijenga kweli, akaweka na familia ndani yake, familia nyingine. Sisi tukabaki Hallunda na picha ya msingi wa nyumba. Mama alikuwa mwalimu wa Kiingereza, sekondari ya wasichana kule Iringa. Hapa akawa mtu wa kufua: mashuka ya hospitali yanaingia machafu mlango huu yanatoka meupe mlango ule, na mama katikati, akiyalisha mashine ya kunyoosha. Vyeti vyake vilitafsiriwa, vikagongwa muhuri, vikasifiwa, vikarudishwa.

Wanafunzi wake aliwapata Skärholmen, tulikokwenda kununua mchele. Mchina mmoja kutoka Hong Kong alikuwa na mkahawa mdogo pale, na kwenye kona ya mkahawa aliuza mchele wa magunia, tangawizi na dagaa wakavu waliomkumbusha mama nyumbani. Siku hiyo kijana wake alikuwa kaunta, anasoma kwa sauti kifungu cha Kiingereza, anakwenda mbio bila kupumua kama mtu anayekimbiza basi. Mama akasikiliza. Akaweka chini mfuko wa mchele. Akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia, sauti iliyokuwa imehifadhiwa mahali:

"Nani alimpokea steshenini?"

Kijana akasimama wima, mikono ubavuni. "Kaka yake, madam."

"Sentensi kamili."

"Alipokewa steshenini na kaka yake, madam."

Baba mtu akatoka jikoni anafuta mikono kwenye aproni. Alimtazama mwanawe alivyosimama, kisha akamtazama mama, na koti lake la kununua mtumbani. "Wewe mwalimu," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nilikuwa," mama akajibu.

Yule baba akatikisa mkono kama anafukuza nzi. Akamwambia mama, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kwamba watoto wake wawili watarudi Hong Kong kwa mjomba wao kumalizia shule, na hakuna shule itakayowapokea bila kufaulu Kiingereza cha mtihani. Hapa Sweden Kiingereza wanafundishwa cha kuimba na kuagizia chakula. Mama akaguna. Mtihani huo aliujua. Ulikuwa ndugu wa ule uliomtoa jasho yeye Iringa enzi zake, ulioletwa kutoka Uingereza kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Waswidi wote wa Skärholmen waliokuwa wakipita pale na mifuko yao hawakuwa na habari na mtihani huo. Mchina na Mtanzania walikuwa wanauota.

Basi Jumamosi wakaanza kuja. Kijana aliitwa Kit na dada yake Yin, na mama, kwa kuwa ni mama, baba yao akamwita Baba Kit. Walipanda treni wakishika foili mbili za tambi za kukaanga, ndiyo malipo, na nyumba yetu ikanuka tangawizi mpaka Jumatano. Walivua viatu mlangoni, wakasimama nyuma ya viti vyao wakasema kwa pamoja, "Good morning, madam," na hawakukaa mpaka waambiwe. Mimi nilikuwa naona aibu. Shuleni kwetu tulimwita mwalimu kwa jina lake, tukamwekea miguu juu ya kiti.

"Na wewe je?" mama akaniuliza siku ya kwanza.

"Mimi naishi hapa," nikajibu kwa Kiswidi.

"Kiswahili, hapa si steshenini. Na hata panya wa humu ndani Jumamosi anasimama. Simama."

Nikasimama, nikaamkia, nikakaa. Nikawa mwanafunzi wa tatu kwa sababu ya kukosa pa kukimbilia.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kifungu cha habari kiko mbele yako, mama amekiandika mwenyewe kwa mkono. Unakisoma mara mbili, mdomo umefunga. Kisha anapita na vile vipande vya boksi la sabuni, alivyovikata kwa rula mpaka kona zake zilichoma, anakufunikia habari yako. Hicho ndicho kilikuwa kifuniko. Habari ikishafunikwa maswali yanaanza, na jibu ni sentensi kamili. Kit alikuwa na tabia ya kuandika herufi ndogo za Kichina juu ya kila neno gumu, zimejipanga kama ndege kwenye waya wa umeme. Mama akazifuta zote kwa kifutio.

"Ukiandika juu ya neno, hulisomi tena neno," alimwambia. "Unasoma paa lake. Ingia ndani."

Kosa lao kubwa lilikuwa kumwita mwanamke kama mwanamume na mwanamume kama mwanamke, maana katika kuzungumza kwao mtu ni mtu tu. Hilo mama hakuwahi kulikasirikia. "Hata kwetu yeye ni yeye," alisema. "Waingereza ndio wanaotaka kujua kila mtu amevaa nini." Yin alicheka akaziba mdomo. Alikuwa msichana wa kuziba mdomo, mkubwa kwangu kidogo tu, na nilimpenda kwa sababu alinipa vipande vyake vya nyama bila kuombwa.

Lakini sheria iliyokuwa mama wa sheria zote ni hii: jibu limo kwenye habari. "Halimo kichwani mwako," mama alisema akizunguka meza. "Halimo dirishani, halimo kwa jirani. Limo humo." Na ili kutupima, kila kifungu alikitegea swali moja ambalo halina jibu. Habari inasema mwanamke alinunua samaki. Swali linauliza kwa nini alinunua. Mjinga atajibu alikuwa na njaa. Mwenye ufahamu atajibu, kwa sentensi kamili, "Habari haisemi." Ukilikamata swali la mtego mama alikuinamishia kichwa, mara moja tu, kama jaji. Kwa kichwa kile kuinama sisi watatu tungekula karatasi. Kit akawa bingwa. Alilinusa swali la mtego kabla mama hajalimaliza, macho yanamng'aa.

Mimi nilikuwa wa mwisho siku zote. Shuleni nilikuwa nimezoea mwalimu kuuliza, "Wewe unaonaje?" na nikaona hili na lile bila kufungua kitabu. Nilikuwa na maoni hata juu ya milima ambayo sijui iko nchi gani. Nilimwambia mama kwamba shuleni wanataka maoni.

"Maoni ni ya mtu ambaye hakusoma habari," akasema.

Ndipo ikatokea nafasi. Shule moja ya vijana, si mbali na kwetu, ilikosa mwalimu wa Kiingereza, na mama wa ofisi ya elimu aliyekuwa na nakala za vyeti vya mama mezani kwake akasema sawa, aje tumwone akifundisha. Ilikuwa wiki ya likizo ya baridi na shule tupu, kwa hiyo akamwambia alete wanafunzi wake mwenyewe. Niliipokea simu hiyo mimi, nikatafsiri nikiruka ruka. Mama alisikiliza huku anakunja taulo ileile, anaikunja na kuikunjua.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Mama alitoa kwenye sanduku sketi na koti la kijivu alilofundishia Iringa, akaachia kiuno cha sketi kwa uzi mpya. Akanunua boksi la chaki. Pale kazini kwake aliwaambia wenzake, na mama hakuwa mtu wa kusema kitu kabla hakijaiva. Mimi nilikuwa nimeshamwambia kila mtoto wa ngazi yetu kwamba mama yangu anakuwa mwalimu, na kwamba wao watakapofika shule ile ya wakubwa watanikoma.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe Anti Nakato alishuka kumsuka. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mganda, aliyeikimbia nchi yake na begi moja na mdomo wake wote. Vidole vyake vilikuwa vikali, na mama alikaa chini katikati ya magoti yake akikunja uso.

"Sasa wewe, nnyabo, mimi nakuambia ukweli," Nakato akasema na kitana mdomoni. "Hawa watu hawataki jibu. Mimi nimefanya interviu zao. Wanauliza unajisikiaje. Unasema unajisikia vizuri, unajisikia vibaya, wao wanaandika tu."

"Mimi siendi kujisikia. Naenda kufundisha."

"Eh, mwachie mtoto wa Mchina aseme anavyofikiri kidogo. Ataumwa nini?"

"Akisema anavyofikiri kwenye mtihani, anafeli."

"Na wewe je, mtihani wa nani unafanya kesho?"

Mama akatikisa kichwa. Nakato akavuta msuko. "Usitikise kichwa, nitakutoa kama ndizi mbichi."

Chumba cha darasa kilinuka rangi na viatu vya theluji vya wenye likizo. Mama wa ofisi ya elimu alikuwa amevaa skafu kubwa ya maua, na alikuwa mtu mwema, ngoja niseme hilo mapema, ili msimngojee awe shetani. Alituletea maji ya matunda. Alikaa nyuma, kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamepanda juu. Kit na Yin walisimama nyuma ya viti vyao, wakaamkia, na yeye akatazama pembeni kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu.

Habari ya siku hiyo mama aliiandika vizuri kuliko zote. Mzee mmoja anasafiri kwenda mjini kumwona binti yake. Amevaa koti lake zuri, amepakata kapu la mayai. Anabisha hodi. Mlango haufunguliwi. Anakaa kwenye ngazi na kapu mapajani mpaka taa zinawashwa, kisha anarudi kwao, na hakuna hata yai moja lililopasuka.

Tulisoma mara mbili, midomo imefunga. Vifuniko vikashuka. Mama akauliza, na Kiingereza chake kilisimama chumbani kama mtu wa sita, mrefu. Mzee alipakata nini? Alikaa wapi? Alirudi lini? Kit alijibu, Yin akajibu, hata mimi nilijibu, sentensi kamili, hakuna aliyemwita mzee mwanamke. Kisha mtego: kwa nini binti hakufungua mlango?

"Habari haisemi, madam," Kit akasema, na mama akainamisha kichwa.

Hapo yule mama wa skafu akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Naomba na mimi niulize?" Akamgeukia Kit, anatabasamu. "Unafikiri mzee alijisikiaje pale kwenye ngazi?"

Kit aliyatoa macho. Niliuona mng'aro ule. Mgeni naye anatega.

"Habari haisemi, madam."

"Hapana, najua. Lakini wewe. Wewe unafikiri nini?"

"Habari haisemi, madam," Kit akarudia, sasa kwa utulivu wa bingwa, na akamtazama mama apate haki yake. Na mama akainamisha kichwa. Nilimwona. Kile kichwa kilichosukwa jana kiliinama mara moja, kwa mazoea au kwa ukaidi, hilo nimekaa nalo mpaka leo.

Mama wa skafu akamgeukia Yin. Yin aliangalia kifuniko chake muda mrefu. Mdomo wake ulifunguka, nikaona kuna kitu kinakuja. Kisha akamtazama kaka yake na akauziba kwa mkono. "Habari haisemi," akasema ndani ya kiganja.

Zamu ikaniangukia mimi, kwa Kiswidi, kwa sauti ya upole kama ya daktari wa meno. "Na wewe, kipenzi? Wewe unaonaje?"

Mimi, mwenye maoni juu ya milima. Nilikuwa na maoni matatu pale pale. Lakini niliona wazi kinachoendelea: huyu mgeni amekuja kutuangusha, amemjaribu Kit mara mbili, amemjaribu Yin, sasa amebadilisha na lugha ili animalizie mimi niliye dhaifu. Nikakaza mgongo. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwamba habari haisemi.

Akacheka kidogo. "Inavutia," akasema. Akaandika. Alipotuaga alimshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema tutawasiliana. Neno hilo la Kiswidi nilimtafsiria mama kama ahadi. Kwa mtoto, mtu akisema tutawasiliana, maana yake ni kwamba mtawasiliana. Mnacheka, lakini na ninyi mlikuwa watoto.

Nje kwenye theluji tulikuwa mabingwa. Kit alimwigiza mama wa skafu, "Wewe unafikiri nini, wewe unafikiri nini," anamfuata Yin anamchokonoa kwa kifuniko. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alitununulia mikate ya mdalasini pale steshenini, na yeye akala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

"Tumemshinda, eti mama?" nikamuuliza.

"Mmejibu vizuri," akasema.

Simu yetu ilikuwa ya ukutani, jikoni. Baada ya siku hiyo sikuruhusiwa kuigusa. Mama alirudi kutoka kazini anatembea na koti lake bado mwilini mpaka kwenye simu, anainua mkono wa simu kusikia kama inalia, anaurudisha. Jumamosi zilikuja, tambi zilikuja. Watoto wa ngazi yetu wakaanza: "Mama yako anaanza lini? Au anayafundisha mashuka kwanza?" Niliwajibu kwamba kilichobaki ni kuwasiliana tu.

Ilipolia alikuwepo mwenyewe, mchana, ametoka zamu. Alisimama. Hicho ndicho ninachokikumbuka, kwamba alizungumza amesimama wima, mkono mmoja ubavuni, kama Kit kaunta. Walizungumza Kiingereza. Kiingereza cha yule mama kilitoka kwenye simu kidogo kidogo, kinakosa maneno, na mama akawa anamsaidia. Nilimsikia. "Ndiyo. Unataka kusema wanakariri." Akasikiliza tena. "Wenyewe. Wafikiri wenyewe. Ndiyo, hilo ndilo neno." Alimpatia yule mwanamke maneno ya kumkatalia, moja moja, na kumrekebishia. Kisha akamshukuru kwa kupiga.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema nidhamu yenu ni nzuri sana."

"Kwa hiyo tumeshinda?"

Mama alivua koti, akalitundika. "Amesema watoto wangu hawafikiri," akasema, kama anasoma. Akafungua maji, akaanza kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Sikuelewa. Niliona tumejibu maswali yote. Nilikaa nikiyapitia, kapu, ngazi, taa, nikitafuta kosa liko wapi, na nikaamua, kwa akili zangu zote za wakati ule, kwamba labda mojawapo ya sentensi zangu haikuwa kamili.

Jumamosi iliyofuata mama hakupita na vifuniko. Vilikuwa pale mezani, vimepangwa, kona kwa kona. Alirudisha habari ileile ya mzee na mayai. Kit akaisoma mara mbili kwa heshima, ingawa aliijua kwa moyo, na akangoja.

"Kit," mama akasema. "Unafikiri mzee alijisikiaje?"

Kit akatabasamu, akijua mchezo. "Habari haisemi, madam."

Kichwa hakikuinama. Kit akangoja. Tabasamu likakaa usoni mwake bila kazi.

"Nakuuliza wewe. Unafikiri nini?"

Sijawahi kuona mtu akiogopa vile mbele ya karatasi. Kijana mrefu, masharubu yanamwanza, akageuza karatasi upande wa nyuma kuona kama kuna kilichoandikwa. Akasema neno moja la Kichina kwa dada yake, na kwenye meza ile Kichina kilikatazwa kama Kiswidi kilivyokatazwa, na mama akakiacha kipite.

Yin ndiye aliyejibu. Hakuziba mdomo. Alikuwa anaangalia mlangoni, kwenye kulabu ambako koti la kijivu lilining'inia tangu siku ile ya shule, halijarudi sandukuni.

"Nafikiri," akasema taratibu, "nafikiri mzee alilipiga pasi koti lake kabla ya kusafiri."

Friji ilinguruma ikanyamaza.

"Liko wapi hilo kwenye habari?" mama akauliza.

"Halimo, madam."

Mama aliinuka. Alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo, na mimi, bingwa wa ufahamu, nilidhani ameona kitu nje. Nikanyoosha shingo nione. Kulikuwa na maegesho ya magari na theluji chafu. Alipogeuka alichukua vifuniko, akatugawia mmoja mmoja. "Sawa," akasema. "Mtihani hauulizi hivyo. Funikeni."

Wakafaulu. Baba Kit alikuja mwenyewe kuleta taarifa, na bata mzima aliyekaangwa mpaka akawa mwekundu, na mbele ya mama akainama kiasi kwamba mama akaangalia sakafu. Wakaondoka kwenda kwa mjomba wao. Yin aliniachia kifuniko chake, nyuma ameandika herufi moja ya Kichina ambayo sijui maana yake, na sijawahi kuuliza. Mama aliendelea na mashuka mpaka alipostaafu. Chaki alizitumia kuwekea alama pindo za sketi zangu. Kuhusu ile siku hakusema kitu, si kwangu, si kwa watu wa kanisani, na mimi nikaenda shule hiyohiyo ya wakubwa, nikafundishwa Kiingereza na kijana aliyevaa kandambili darasani, aliyetuuliza kila siku tunaonaje. Nikamwambia ninavyoona. Akanipa maksi nzuri. Sikufungua kitabu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni pale Hallunda. Anti Nakato alitoka chumbani na lundo la mashuka, akaliweka mezani, akakaa, maana miguu yake siku hizi inaomba ruhusa kabla ya kusimama. Akapapasa shuka la juu. Mama alikuwa ameyapiga pasi yote. Ya kulalia mwenyewe, kikongwe anayeishi peke yake, mikunjo imenyooka kama imepigwa rula.

"Bambi," Nakato akasema, kwa Kiganda chake cha kuhurumia. "Miaka yote ile kwenye mashuka ya watu, na nyumbani tena mashuka. Wewe mtoto wake. Unafikiri alikuwa anawaza nini?"

Jibu lilinijia lenyewe, sentensi kamili. Nililishika ulimini. Kisha nikalimeza.

"Nafikiri alikuwa na hasira, anti."

"Alikuambia?"

"Hakusema."

Anti Nakato aliniangalia, akaangalia mashuka, akainamisha kichwa mara moja. Halafu akauliza kama zile sufuria kubwa zina mwenyewe.